Kinacholisha Gugu: Ghuba ya Kabuno, Maziwa ya Mokoto na Ulinzi wa Maji Yaliyofungwa

Anayetaka kujifunza habari za magugumaji na mwani katika miji huelekezwa kwanza Lagos, Cotonou au Abidjan, ambako nyumba zimesongamana kando ya lagoni na gugumaji huziba njia za mitumbwi msimu baada ya msimu. Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ziko mbali na bahari zote mbili, Atlantiki na ya Hindi, na mkaaji wa milima ile ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu kinachoifanya lagoni iwe nyepesi kuharibika ni kule kufungwa kwake: maji yametengwa na maji mapana kwa mlango mwembamba, hubadilika polepole, na ukingoni pamekaa mji unaomwaga humo kila unachokikataa. Maji ya namna hiyo Masisi inayo. Mji wa Sake umekaa kichwani mwa ghuba ya Kabuno, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 48, ambayo imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti kilichomo ndani ya maji, kwenye kina cha mita 10 hivi. Uzio huo ni kazi ya volkano za Virunga, na kazi yenyewe haijakwisha: lava ya Nyamulagira ya miaka ya 1938 hadi 1940 iliteremka mpaka ikaingia ziwani jirani na Sake. Ndani zaidi, katika usheferi wa Bashali, kuna maziwa manne ya Mokoto, Ndalaga likiwa kubwa kuliko mengine. Nayo yalipatikana lava ilipoziba bonde.

Ninachokitetea katika mhadhara huu ni hiki: katika maji yaliyofungwa, gugu na mwani ni matokeo, na anayeanza kuyahesabu baada ya kuyaona ameanza kazi mwishoni. Cha kufuatilia ni chakula chao, yaani fosforasi na naitrojeni, na cha kudhibiti ni milango ambayo chakula hicho huingilia. Hoja hii si ya kubuni. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada walichukua ziwa dogo katika jimbo la Ontario, wakaligawa kati kwa pazia la plastiki, wakatia kaboni na naitrojeni pande zote mbili, lakini fosforasi wakaitia upande mmoja tu. Upande huo uligeuka kijani kwa mwani. Wa pili ukabaki vile vile. Picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza ubishi ambao makala za miaka mingi zilikuwa zimeshindwa kuumaliza. Huko Seattle, Marekani, Ziwa Washington lilikuwa limechafuka kwa maji taka ya miji iliyolizunguka. Kati ya 1963 na 1968 mabomba yalielekezwa kwingine, na katika miaka michache maji yakarudi kuangaza, bila dawa hata tone moja kumwagwa ziwani.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa upande wa hasara. Bwawa la Hartbeespoort, karibu na Pretoria, lilifunikwa na gugumaji katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 serikali ya Afrika Kusini ikalinyunyizia dawa ya kuua magugu. Dawa ilifanya kazi: gugumaji lilikufa, likaoza, likazama. Lakini maji taka ya miji ya juu yaliendelea kuingia kama zamani, na kivuli cha majani kilikuwa kimeondoka. Mwani wa aina ya Mikrosisti, ambao kwa hakika ni bakteria wa rangi ya kijani-buluu, ukaipata meza iliyoandaliwa na mwanga wa kutosha, ukaliteka bwawa. Gugu na mwani ni washindani wa chakula kile kile. Ukimwondoa mmoja bila kuondoa chakula, umemwachia nafasi mwenzake, na mara nyingi huyu wa pili ni mbaya zaidi, kwa maana gugumaji huonekana na hushikika kwa mkono, hali Mikrosisti hutoa sumu ya ini isiyoondolewa kwa kuchemsha maji. Mama anayechemsha maji ya kijani kabla ya kumpa mtoto amefanya alivyofundishwa na kituo cha afya, na kwa vijidudu vya kipindupindu amefanya vema. Sumu ile anaiacha sufuriani kama ilivyokuwa.

Sasa tuitazame Kabuno yenyewe, maana huko nguvu ya hoja ni kubwa kuliko kwingine. Ziwa Kivu lote lina tabaka zisizochanganyika: juu kuna maji mepesi yenye oksijeni, chini kuna maji mazito yenye chumvi, kaboni dioksidi na methani, ambayo hayachanganyiki na ya juu hata kiangazi upepo unapovuma kwa nguvu. Katika ziwa kuu tabaka lenye uhai hufika mita 60 au 70. Katika Kabuno ni kama mita 10 tu. Chini ya hapo maji hayana oksijeni, yamejaa chuma kilichoyeyuka na kaboni dioksidi, hali adimu duniani kiasi kwamba wanasayansi huichunguza ghuba hii ili kuelewa bahari za kale zilivyokuwa kabla hewa haijapata oksijeni. Kwao ni hazina. Kwa mvuvi wa Sake maana yake ni kwamba sambaza, samaki walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana chumba kimoja chembamba cha kuishi, na chini ya sakafu yake hakuna pa kukimbilia. Mwani mwingi ukifa, kuoza kwake hula oksijeni. Mkeka wa majani ukifunika kingo, hufanya vivyo hivyo na tena huzuia hewa ya juu isiingie. Mzigo wa uozo ambao ziwa kuu lingeumeza bila kuonyesha dalili, ghuba ya mita 10 hulemewa nao. Kwa hiyo kulihukumu Ziwa Kivu kwa wastani wake, kama taarifa nyingi zinavyofanya, ni kuificha Kabuno ndani ya hesabu ya kilomita za mraba zaidi ya 2,300.

Chakula chenyewe kinatoka wapi? Sehemu kinatoka mjini. Sake ni njia panda ya barabara za Goma, Masisi-kati na Minova, na kwa miaka 30 imekuwa ikijaa na kuhamwa kadiri vita vinavyokwenda na kurudi. Palipo na mwamba wa lava shimo la choo ni kazi kubwa kulichimba, na likichimbwa, nyufa za mwamba hupitisha maji kuelekea chini bila kuyachuja kama udongo ungefanya. Sehemu nyingine inatoka mlimani. Misitu ya Masisi iliyogeuzwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya mteremko mkali haishiki tena udongo wake, na udongo mchanga wa volkano haushuki peke yake: fosforasi hushikamana na chembe za tope na kusafiri nazo. Siku moja ya Mei 2023, mvua iliyoshuka juu ya milima ya Kalehe, jirani wa kusini wa Masisi, ilisomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya 400, na tope, miti na miili vikaishia ziwani. Tunaikumbuka siku ile kwa maiti wake, na ndivyo ipasavyo. Lakini mteremko uliofanya vile kwa siku moja hufanya jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo kila masika.

Hapa ndipo linapoibuka pingamizi zito kuliko yote, nalo linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Wanasema: sehemu kubwa ya virutubisho vinavyolisha mwani wa Ziwa Kivu haiteremki mlimani, inapanda kutoka chini. Chemchemi zilizo kitandani mwa ziwa husukuma maji ya kina juu polepole, na upepo wa Juni hadi Septemba hukoroga tabaka la juu, ndiyo maana kila kiangazi mwani huongezeka kisha hupungua. Ikiwa ziwa hujilisha lenyewe, choo cha Sake kinaongeza nini? Pingamizi hili ni la kweli kwa ziwa kuu, na sioni haya kulikubali. Hata hivyo hesabu ya ziwa zima si hesabu ya ufuko. Majani ya majini na mwani wa kingoni huota mahali maji yanapotulia na mzigo unapoingilia, yaani kwenye midomo ya vijito na mbele ya miji, hata pale ambapo katikati ya ziwa maji ni safi. Isitoshe, pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho linaongeza wajibu. Kama ghala kubwa la fosforasi liko chini, basi anayelifungua ndiye wa kutazamwa kwanza. Tangu 2016 Rwanda inavuta methani ya Kivu karibu na Karongi, katika mtambo wa KivuWatt wenye uwezo wa megawati 26, na kanuni zilizoandaliwa na wataalamu kwa ajili ya uvunaji huo zinadai maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwenye kina, yasimwagwe juu. Sababu moja ya kanuni hiyo ni mwani: maji ya kina yakiachwa juu ni mbolea. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa nayo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi upande wa Kongo. Na Kabuno, yenye kaboni dioksidi iliyo karibu sana na uso wa maji, imekuwa ikizungumzwa kwa muda mrefu kama mahali pa kutoa gesi ili kuondoa hatari ya mlipuko. Kuitoa huenda ni jambo la lazima. Watu wa Sake hawastahili kulala juu ya hatari hiyo. Lakini bomba linalopandisha maji ya kina hupandisha pia kile kinacholisha mwani, katika ghuba ambayo tabaka lake hai ni jembamba kuliko mahali pengine popote ziwani.

Wapo watakaosema kwamba habari za gugumaji ni za Ziwa Victoria, na kwamba Masisi haijaona jambo hilo. Historia ya Kongo inajibu. Gugumaji, mmea wa Amazoni, lilionekana katika mto Kongo mwaka 1952, na kwa muda wa miaka mitatu lilikuwa limeenea kilomita 1,600 za mto. Utawala wa Kibelgiji ulipeleka dawa ya 2,4-D kwa meli na ndege, ukatumia fedha nyingi, na leo hii gugumaji lingali likielea mbele ya Kinshasa. Victoria lilikwenda njia hiyo hiyo baada ya miaka karibu 40. Mmea ulishuka na mto Kagera kutoka Rwanda, ukaonekana ziwani kuelekea 1990, na kufikia 1998 ulikuwa umefunika hekta kama 17,000 katika ghuba ya Winam peke yake, mbele ya Kisumu. Angalia ni wapi ulikoshika zaidi: ghubani, mahali maji yamefungwa na mji uko kichwani. Uganda na Kenya zilileta fukusi wa jenasi Neochetina, wadudu wadogo ambao viwavi wao hutoboa mashina ya gugumaji na hawali kitu kingine cha maana. Kenya iliwaachia mwaka 1997, na kufikia 1999 sehemu kubwa ya mkeka ilikuwa imepotea. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika. Wengine wanawapa fukusi sifa zote. Wengine wanasema ni mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyoudhoofisha mmea. Kwa maoni yangu fukusi walifanya kazi na hali ya hewa ikawasaidia, ila ubishi huo unafunika jambo kubwa zaidi: baada ya mvua za mwishoni mwa 2006 gugumaji lilirudi Winam. Mbegu zake hukaa hai katika tope kwa miaka 15 na zaidi, mito ilikuwa imeleta mzigo mpya wa virutubisho, na Kisumu haikuwa imebadilisha inachokimwaga. Fukusi hula jani, hawali fosforasi.

Walikale nitaipitia kwa haraka, maana maji yake ni ya mbio. Mito ya Masisi isiyoingia Kivu, pamoja na maji yatokayo Mokoto kwa njia ya Mweso, huelekea magharibi hadi kwenye Lowa, na Lowa humwagika Lualaba. Mto wenye kasi na kivuli cha msitu hauhofii mwani sana. Kinachohitaji jicho huko ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa kasiterite, madini ya bati, yanayojaa mvua na kutulia, na mabwawa ya samaki yanayochimbwa vijijini. Gugumaji hushuka mto lenyewe, lakini kuupanda hupandishwa na mtu: limeshikamana na mtumbwi, na wavu wa kuvulia, au limebebwa na mtu aliyependa ua lake la zambarau. Maporomoko ya Boyoma yanauzuia mmea kupanda kutoka Kisangani. Hayamzuii mwanadamu mwenye ndoo. Na Mokoto, yaliyo juu ya mita 1,700, yana jambo lake: baridi hupunguza kasi ya gugumaji lakini hupunguza pia kasi ya fukusi, kwa hiyo mtu asijifariji kwamba dawa ya Kisumu itamfaa Ndalaga bila kubadilika.

Pingamizi la tatu halitoki maabara, linatoka barabarani. Mwezi wa Februari 2024 mapigano yalipofika Sake, wakazi wengi walibeba magodoro wakaelekea Goma. Nani atapima rangi ya maji wakati mizinga inalia? Anayeuliza hivyo hana ubaya, na jibu la haraka kwamba mazingira hayangoji amani lingekuwa jibu la mtu aliye mbali. Lakini hebu tutazame waliohama walikunywa nini. Waliteka ziwani kwa madumu, na waliobahatika walipata maji ya ziwa yaliyotiwa klorini. Mwaka 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kuzunguka Goma, na tangu hapo kingo za Kivu hazijawahi kuachwa na kipindupindu kwa muda mrefu. Maji yenye mwani na tope hula klorini kabla haijamfikia kijidudu. Kipimo kilichotosha mwezi wa Machi hakitoshi Agosti. Kijidudu chenyewe hujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoishi kwa kula mwani. Na utafiti uliofanywa kuzunguka ghuba ya Winam ulikuta kwamba miaka ambayo gugumaji lilifunika eneo kubwa zaidi ilikuwa pia na wagonjwa wengi zaidi wa kipindupindu. Haithibitishi kwamba gugu ndilo lililowaambukiza, lakini inatosha kumfanya daktari aulize rangi ya maji. Kwa mtazamo huu, kupima uangavu wa maji kwenye kituo cha klorini ni sehemu ya kazi ya dharura, sawa na kuhesabu madumu.

Kuna pia wanaolipenda gugu. Wanasema livunwe, lifanywe mbolea, gesi ya kupikia, vikapu na viti, kama baadhi ya vikundi vya Kisumu vinavyofanya. Sina ugomvi na kikapu. Ila zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za gugumaji bichi ni maji, na anayelisafirisha analipia usafiri wa maji. Pia biashara inayotegemea gugu humpa mtu faida katika kuendelea kwake. Tena, mwani hausukwi.

Basi ufuatiliaji wenyewe uweje? Mwaka 1865 padri Mwitalia Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba akaangalia inapotea machoni kwenye kina gani. Chombo hicho hadi leo hakijapata mpinzani kwa bei: sahani ya bati yenye kipenyo cha sentimita 20 au 30, iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe, kamba yenye alama, na mvuvi anayekwenda ziwani kila siku kwa shughuli yake. Vipimo vichukuliwe saa ile ile, mahali pale pale, mbele ya midomo ya vijito, kwenye lango la ghuba na nje yake, ili tofauti ya ndani na nje ionekane. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 na picha zake hutolewa bure, zikionyesha vitu vya mita 10. Kwa kuwa mawingu ya Masisi huziba macho yake miezi mingi, rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na kuutambua mkeka wa majani, ingawa mwani haiuoni. Kuhusu fosforasi hakuna njia ya mkato: sampuli ipelekwe maabara. Wataalamu wa kuipokea wapo: Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma hupima gesi ya Kabuno, kituo cha utafiti cha Lwiro kina desturi ya sayansi tangu enzi za ukoloni, Chuo Kikuu cha Goma kina vijana, na mamlaka ya pamoja ya bonde la Kivu na Ruzizi, ABAKIR, ndiyo inayoweza kumwuliza jirani wa Rwanda naye anapima nini.

Katika udhibiti, mpangilio ninaoutetea unaanza juu na kushuka. Kwanza miteremko na vijito vinavyoingia ghubani, kwa matuta, majani ya tembo na ukanda wa matete usiolimwa wala kuchungwa. Mafunjo yanayozunguka Mokoto yanafanya kazi hiyo bila kulipwa, na kuyakausha ili kupata shamba ni kulivunja chujio la ziwa. Pili vyoo vya Sake, vyenye matangi ya kunyonywa pale ambapo lava haiwezi kuchimbwa. Tatu, gugumaji lolote likionekana ling'olewe kwa mkono wiki hiyo hiyo na kukaushwa mbali na maji, maana katika maji ya joto yenye chakula mmea huo huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Dawa za kunyunyizia sizikubali katika ghuba ambayo watu wanateka maji ya kunywa bila bomba wala chujio. Na kwa kuwa vitalu vya gesi vimekwisha kutangazwa, kila mkataba ulazimishe kupima virutubisho, mwani na oksijeni ndani ya ghuba na nje yake kwa misimu kamili ya masika na kiangazi kabla ya bomba la kwanza kushushwa. Maji yakibadilika rangi baadaye, kampuni itasema ni vyoo vya Sake, na Sake itasema ni kampuni. Vipimo vitakavyoamua kati yao haviwezi kuchukuliwa baada ya mtambo kuanza kuvuta.